Fuwele za Haidrothemali Zinapokataa Kukua: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Otoklevu, yaani chombo kinachofungwa kabisa ambamo fuwele hukuzwa katika maji ya moto chini ya shinikizo (njia iitwayo haidrothemali), haina dirisha. Ukishaifunga na kuiingiza tanurini, kila kinachoendelea ndani yake, kuanzia kuyeyuka kwa malighafi hadi kuzaliwa kwa kiini cha kwanza cha fuwele, huendelea gizani, na utakachokiona baada ya siku kadhaa ni matokeo tu, si njia iliyoyaleta. Kwa sababu hiyo wengi wanaopata unga badala ya fuwele hukimbilia kubadilisha mambo matatu kwa mpigo, yaani halijoto, kipimo cha asidi na muda, kisha wakifanikiwa hawajui ni lipi lililofaa, na wakishindwa hawajui ni lipi lililoharibu. Mwongozo huu unafuata njia ya polepole zaidi: kutoka kwenye dalili iliyo mbele ya macho, kwenda kwenye chanzo kinachowezekana, na kutoka hapo kwenye jaribio moja linaloweza kukithibitisha au kukikanusha.

Unahusu zaidi otoklevu ndogo za chuma kisichoshika kutu zenye kikombe cha Teflon ndani, zinazotumika kati ya nyuzi 120 na 220 za Selsiasi, kwa kuwa ndizo zilizo katika maabara nyingi. Ukuzaji wa fuwele kubwa kwa kutumia mbegu, yaani kipande cha fuwele ambacho fuwele mpya hukua juu yake, ambao hufanyika katika vyombo vizito zaidi, una matatizo yake ya pekee na umetengewa sehemu yake.

Ushahidi wa kukusanya kabla ya kulaumu mchanganyiko

Jambo la kwanza ni uzito. Pima otoklevu nzima ikiwa imefungwa, kabla ya kuiingiza tanurini na tena baada ya kupoa kabisa. Ikiwa uzito umepungua kwa zaidi ya asilimia chache za maji uliyoweka, chombo kimevuja, na hakuna maana ya kujadili kemia ya jaribio hilo: maji yalipungua, mkusanyiko wa ioni ukapanda, na ulichopata ni zao la hali ambayo hukuipanga.

Jambo la pili ni mahali. Fungua kikombe bila kukitikisa, ukaangalie fuwele zimekaa wapi kabla ya kumimina chochote. Zikiwa chini kabisa, huenda zilizaliwa ndani ya myeyusho zikazama, au zilikua juu ya malighafi ambayo haikuyeyuka. Zikiwa zimeshika ukuta, hasa katika mikwaruzo, ukuta ndio uliozizalisha. Zikiwa zimejipanga kama pete kwenye usawa wa maji, basi kulikuwa na uvukizi na mtonesho uliojirudia pale ambapo maji hukutana na mvuke, na mara nyingi hiyo ni dalili kwamba sehemu ya juu ya chombo ilikuwa baridi kuliko ya chini.

Jambo la tatu ni pH ya myeyusho kabla na baada, na la nne ni rangi ya kimiminika kilichobaki. Mwisho, chukua tone la myeyusho mama, yaani kimiminika ambamo fuwele zilikua, pamoja na fuwele zake, uliweke chini ya hadubini kabla ya kuchuja au kukausha. Wapo wanaoruka hatua hii kwa sababu wana haraka ya kupata unga mkavu wa kupeleka kwenye mashine ya eksirei, na kwa maoni yangu hakuna haraka inayogharimu zaidi katika kazi hii. Fuwele mbili nzuri zilizojificha katika unga wa gramu nzima huonekana kwa urahisi ndani ya tone lenye maji kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, lakini zikishachujwa, kukwanguliwa na kusagwa, zimekwisha.

Unga mahali pa fuwele

Hii ndiyo dalili inayojitokeza mara nyingi kuliko zote, na swali la kuanza nalo ni hili: unga huo ni mpya au ni wa zamani? Ulinganishe kwa eksirei na malighafi ulizoweka. Kama ni malighafi ileile, basi tatizo ni uyeyukaji. Maji matupu, hata yakiwa na nyuzi 200, huyeyusha kidogo sana oksidi na silikati nyingi, na ndiyo sababu huongezwa kiyeyushi saidizi, ambacho wanakemia hukiita mineralaiza: hidroksidi, kabonati, floraidi au kloridi, kulingana na metali inayohusika. Kazi yake ni kuunda ioni changamano zinazoyeyuka na ambazo baadaye zinaweza kuachia metali tena. Silika huhitaji hidroksidi au floraidi, oksidi ya zinki huhitaji alkali kali, na fosfeti nyingi huhitaji asidi. Ikiwa malighafi haikuguswa, ongeza mineralaiza kabla ya kuongeza muda, maana kitu kisichoyeyuka kwa siku tatu mara nyingi hakitayeyuka kwa siku kumi.

Kama unga ni kampaundi unayoitaka, lakini katika chembe ndogo mno, basi kemia yako ni sahihi na kosa liko katika idadi ya viini. Hesabu yake ni rahisi na ya kuumiza: kiasi cha malighafi kinachotosha kujenga fuwele moja ya mchemraba wenye ubavu wa milimita 1 kinatosha pia kujenga fuwele 1,000,000 zenye ubavu wa milimita 0.01. Hakuna kilichopotea, kimegawanywa tu. Kinachoamua mgawanyo huo ni kiwango ambacho myeyusho umeshiba kupita kiasi wakati viini vinapozaliwa. Myeyusho uliopita kidogo tu mpaka wa kushiba hulisha fuwele zilizopo bila kuzaa mpya, lakini ukiupita mpaka huo kwa mbali, viini huzaliwa kila mahali kwa wakati mmoja na malighafi huisha kabla fuwele yoyote haijapata ukubwa.

Kwa hiyo kila tiba ya unga ni njia ya kupunguza kushiba huko katika saa za mwanzo. Njia ya kwanza na ya gharama ndogo ni kupunguza mkusanyiko: tengeneza mfululizo wa vikombe vitatu au vinne vyenye mchanganyiko uleule, kila kimoja kikiwa na maji mengi kuliko kilichotangulia kwa malighafi ileile, ukiviweka katika tanuri moja kwa wakati mmoja. Kumbuka tu kwamba ukiongeza maji unapunguza pia mkusanyiko wa mineralaiza, na ikiwa hilo litakuletea mkanganyiko, irekebishe ibaki palepale.

Njia ya pili ni kubadilisha chanzo cha metali au silika ili kiyeyuke polepole. Nitreti na kloridi za metali huachia ioni zake papo hapo. Oksidi, kabonati au kipande cha metali yenyewe huziachia kidogo kidogo kadiri zinavyotumika. Vivyo hivyo silika ya unga mwepesi huyeyuka haraka kuliko vipande vya kioo cha silika. Wakuzaji wa zeolaiti, yaani madini ya silika na aluminiamu yenye vinyweleo, wana mbinu nyingine ya aina hiyo: huongeza trietanolamini, ambayo hushika aluminiamu na kuiachia taratibu, na kwa njia hiyo zeolaiti A na X, ambazo kwa kawaida hutoka kama unga wa maikromita chache, hufikia ukubwa unaoonekana kwa macho.

Njia ya tatu ni mwendo wa joto. Ikiwa kampaundi yako huyeyuka zaidi kadiri joto linavyopanda, fuwele nyingi huzaliwa wakati wa kupoa, na kuzima tanuri tu na kuacha chombo kipoe chenyewe ni kuushibisha myeyusho kwa saa chache baada ya siku nyingi za subira. Poza kwa nyuzi 2 hadi 5 kwa saa, angalau mpaka nyuzi 100, na utaona tofauti. Kinyume chake, ikiwa fuwele huzaliwa kutokana na mmenyuko wenyewe na si kwa kupoa, kasi ya kupoza haitabadilisha chochote. Hapo shughulikia kasi ya kupasha au chanzo cha malighafi.

Ikiwa ndani ya unga kuna fuwele chache zinazometa, usimwage kila kitu kwa kukata tamaa. Chembe ndogo huyeyuka kwa urahisi zaidi kidogo kuliko kubwa, na mfumo ukiachwa muda mrefu kwenye halijoto ileile, kubwa hukua kwa kula ndogo. Mchakato huu ni wa taratibu, ila unaweza kuharakishwa kwa kupandisha na kushusha halijoto kwa nyuzi 10 hadi 15 mara kadhaa: kila mpando huyeyusha chembe ndogo kabisa, na kila mshuko hurudisha kilichoyeyuka juu ya zile zilizosalia. Haufai pale ambapo kampaundi haiyeyuki tena ikishaundwa, kama ilivyo kwa oksidi nyingi katika maji yasiyo na mineralaiza ya kutosha.

Chanzo kingine cha unga hakina uhusiano na mchanganyiko hata kidogo, nacho ni kikombe. Teflon haina ulaini tunaodhani inao. Ina vinyweleo na mikwaruzo ambamo mabaki ya majaribio yaliyopita hujificha, na kila baki ni kiini kilicho tayari. Kikombe kilichotumika kwa silikati kioshwe kwa hidroksidi ya sodiamu moto; kilichotumika kwa metali kioshwe kwa asidi ya nitriki, kisha, katika hali zote mbili, kijazwe maji safi yaliyokenekwa na kuachwa tanurini usiku kucha kabla ya kutumika tena. Usikwangue ukuta kwa kijiko cha chuma. Ikiwezekana, tenga vikombe kwa mifumo: cha vanadi kisiingie kwenye fosfeti za zinki.

Myeyusho mweupe pe, bila chochote ndani

Wanafunzi huiona hali hii kuwa mbaya kuliko unga, lakini kwangu ni afadhali, kwa sababu inaonyesha mahali ulipo: uko chini ya mpaka wa kushiba, na unajua upande wa kuelekea. Kwanza hakikisha kwamba kweli hakuna kitu, kwa kuwa fuwele zisizo na rangi zenye kipeo cha kupinda mwanga kinachokaribiana na cha maji hupotea ndani yake. Mimina kimiminika polepole huku mwanga ukitoka ubavuni, na upitishe kidole chenye glavu ukutani. Ukisikia mchanga, fuwele zipo.

Kama hazipo, ongeza mkusanyiko au punguza mineralaiza, moja kati ya hayo mawili. Mineralaiza nyingi mno hushika metali kwa nguvu kiasi kwamba hakuna kinachobaki cha kujenga fuwele. Kwa mifumo ya asidi, kusogeza pH kwa nusu kipimo kunaweza kutosha. Usitupe myeyusho huo pia: uuache katika chupa iliyofungwa kwa muda, maana baadhi ya kampaundi hujitokeza siku kadhaa baada ya kupoa, na hizo ndizo zinazotoka zikiwa safi.

Fuwele nzuri za kitu kisichotakiwa

Hapa kipimo cha unga kwa eksirei kinaonyesha mistari isiyolingana na kampaundi uliyolenga, au inayolingana na mbili kwa pamoja. Mara nyingi sababu ni kwamba umbo linalotokea kwanza silo lililo imara kuliko yote, bali ni lile lililo rahisi kuzaliwa, na baadaye hubadilika. Zeolaiti A ikiachwa muda mrefu mno katika alkali ya moto hugeuka kuwa sodalaiti, na dioksidi ya titani hutoka kwanza kama anatasi kabla ya kuwa rutili. Kwa hiyo muda ni kigezo chenye ncha mbili, na njia ya kukijua ni kuandaa vikombe vinavyofanana na kuvitoa kimoja kimoja kwa nyakati tofauti.

Kama mchanganyiko wa kampaundi mbili haubadiliki hata muda ukiongezwa, uwiano wa malighafi si sahihi. Usidhani kwamba uwiano wa ndani ya fuwele ndio uwiano unaotakiwa katika kikombe. Katika mifumo yenye viambato vinavyotofautiana sana kwa uyeyukaji, kile kinachoyeyuka zaidi hulazimika kuwekwa kwa wingi kuliko fomula inavyodai, kwa kuwa sehemu yake kubwa hubaki katika maji.

Rangi huweza kutoa jibu kabla ya eksirei. Vanadi iliyoingia ikiwa na manjano au rangi ya chungwa kisha ikatoka na buluu imepunguzwa kutoka hali ya oksidisho ya tano hadi ya nne, na kwa kawaida mhusika ni amini au asidi ya kikaboni uliyoweka kama kiolezo. Chumvi ya shaba ya buluu inayoacha unga mwekundu imegeuka oksidi ya shaba ya hali ya kwanza, au hata shaba yenyewe. Ikiwa upunguzaji huo hautakiwi, punguza halijoto au badilisha kiungo cha kikaboni. Ikiwa unatakiwa lakini haukutokea, hewa iliyobaki juu ya maji ni ya kushukiwa. Na kama fuwele zako, ambazo zilipaswa kuwa angavu, zina umanjano wa kutu, angalia kifuniko cha kikombe: mvuke hupenya Teflon na mwanya wake, hasa mvuke wa asidi ya hidrokloriki, hula chuma cha nje, na ioni za chuma hurudi ndani.

Chombo kilichovuja, kilichokauka au kilichopinda

Teflon hutanuka kwa joto karibu mara kumi zaidi ya chuma, na inapopoa hunywea. Kutokana na hilo otoklevu iliyokazwa vizuri ikiwa baridi huonekana imelegea baada ya kutoka tanurini. Kulegea huko si uvujaji kwa lazima. Uzito ndio utakaoamua. Kamwe usikaze wala kufungua kifuniko chombo kikiwa moto. Mahali pa kukagua ni ukingo ambapo kikombe na kifuniko hukutana: mkwaruzo mmoja unaokatiza ukingo huo, au punje moja ya chumvi iliyosahaulika, inatosha kuvusha mvuke kwa siku nzima. Ukingo uliochakaa unaweza kusawazishwa kwa msasa mwembamba juu ya kioo bapa, lakini kikombe kilichovimba au kupinda kitupwe.

Kuvimba huko hutokana na joto kupita kiasi au kujaza kupita kiasi. Teflon huyeyuka karibu na nyuzi 327, lakini huanza kulegea na kutiririka taratibu chini ya mzigo mapema zaidi ya hapo, na kuiendesha juu ya nyuzi 220 ni kuifupishia maisha. Kuhusu kujaza, maji ya nyuzi 200 huchukua nafasi kubwa kwa takriban asilimia 15 kuliko yakiwa baridi, na ya nyuzi 250 kwa takriban asilimia 25. Chombo kilichojazwa asilimia 80 hujaa kabisa kinapofika nyuzi 250, na kuanzia hapo hakuna tena mvuke wa kubanwa: shinikizo, ambalo kwa nyuzi 200 lilikuwa megapaskali 1.55 tu, hupanda kwa zaidi ya megapaskali 1 kwa kila digrii moja inayoongezeka. Kwa kikombe cha Teflon jaza kati ya asilimia 50 na 70, na uhesabu ujazo wa malighafi imara pamoja na maji.

Shinikizo la mvuke pia si shinikizo pekee. Kabonati ikikutana na asidi, au asidi ya oksaliki na urea zikivunjika kwa joto, hutoa gesi ambazo hazikuingia katika hesabu yako. Peroksidi, hidrazini, azidi, pakloreti na nitreti ya amonia pamoja na vitu vya kikaboni havipaswi kufungiwa katika chombo kama hiki bila kipimo cha shinikizo na kisahani cha usalama kinachopasuka. Nayo floraidi yoyote katika asidi ni asidi ya hidrofloriki: fungua ndani ya kabati la kutolea hewa, ukiwa na glavu zinazofaa na jeli ya glukoneti ya kalsiamu karibu, hata kama fomula uliyoandika daftarini inasema floraidi ya amonia.

Mbegu zinazoyeyuka na fuwele zinazoota ukutani

Katika ukuzaji wa fuwele kubwa, chombo hugawanywa kanda mbili kwa kizuizi chenye matundu. Malighafi hukaa katika kanda moja, mbegu katika nyingine, na tofauti ya halijoto husukuma kimiminika kuzunguka. Kwatzi ndiyo mfano uliokomaa kuliko yote. Giorgio Spezia aliikuza Torino, Italia, mwanzoni mwa karne ya 20, na katika miaka ya 1950 Bell Laboratories ya Marekani iliifanya kuwa kazi ya viwandani. Malighafi hukaa chini karibu na nyuzi 400, mbegu hukaa juu zikiwa baridi kwa makumi machache ya nyuzi, ndani ya hidroksidi au kabonati ya sodiamu, chini ya shinikizo linalozidi megapaskali 100. Kwatzi haiwezi kukuzwa kwa kuyeyusha na kugandisha, kwa sababu ile inayohitajika hupoteza umbo lake juu ya nyuzi 573.

Ikiwa mbegu zimeyeyuka, uliza kwanza kama kampaundi yako ina uyeyukaji wa kinyume. Berlinaiti, yaani fosfeti ya aluminiamu, huyeyuka kwa kiasi kinachopungua kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo mbegu zake hukaa kanda ya moto. Anayefuata mpangilio wa kwatzi huzipoteza. Ikiwa uyeyukaji ni wa kawaida, chunguza wakati wa kupasha: kama kanda ya mbegu ilipata joto kabla ya kanda ya malighafi, mbegu zilikaa saa nyingi katika maji yasiyoshiba. Kuyeyuka kidogo mwanzoni si vibaya, kwa kuwa huondoa tabaka lililoharibiwa na msumeno, lakini mbegu nyembamba haitasalimika.

Fuwele zikiota ukutani na kwenye kizuizi huku mbegu zikidumaa, tofauti ya halijoto ni kubwa mno. Ipunguze, au punguza uwazi wa kizuizi. Zikikua juu ya mbegu lakini zikiwa na mianya, mapovu na utando wa ukungu ndani, kasi imezidi. Kwatzi hukubali takriban nusu milimita hadi milimita 1 kwa siku. Oksidi ya zinki, inayokuzwa katika mchanganyiko wa hidroksidi za potasiamu na lithiamu ndani ya kikombe cha platini, huenda polepole zaidi. Nyufa zinazoanzia kwenye mbegu na kuendelea ndani ya sehemu mpya ni urithi wa mbegu yenyewe, na hakuna marekebisho ya tanuri yatakayoziponya. Pacha, yaani fuwele zilizoungana zikielekea pande tofauti, nazo mara nyingi hurithiwa hivyohivyo.

Sindano, magamba na vishada

Fuwele zinazotoka kama sindano zisizofaa kupimwa huwa zinafuata tabia ya muundo wake wa ndani, lakini kiwango cha kushiba huikuza tabia hiyo. Kipunguze kwanza. Isipotosha, badilisha pH au ioni ya pembeni, kwa mfano potasiamu mahali pa sodiamu, maana ioni zinazojishikiza kwenye uso mmoja huupunguzia kasi na kuziacha nyuso nyingine zijae. Vishada vinavyotawanyika kutoka kitovu kimoja vina kiini kichafu katikati, hivyo chuja myeyusho kabla ya kufunga. Kwa uchunguzi wa muundo kwa eksirei, fuwele ya milimita 0.1 hadi 0.3 inatosha, na kutafuta kubwa zaidi ya hapo ni kupoteza muda isipokuwa una kipimo kingine cha kufanya.

Jaribio lililofaulu mara moja tu

Mtu akiniambia kwamba mchanganyiko ulifaulu mara ya kwanza na kukataa baada ya hapo, nauliza kuhusu tanuri kabla ya kuuliza kuhusu kemia. Namba inayoonyeshwa mlangoni ni halijoto ya mahali penye kipimajoto, na rafu ya juu inaweza kutofautiana na ya chini kwa nyuzi kadhaa. Weka themokapo (kipimajoto cha waya) ya pili pale otoklevu zinapokaa, andika nafasi ya kila moja, na usijaze tanuri kiasi cha kuzuia feni. Baada ya tanuri, angalia kopo la malighafi: chumvi iliyonyonya maji ya hewani haina tena kiasi cha metali kinachoandikwa kwenye lebo, silika ya kampuni tofauti huyeyuka kwa kasi tofauti, na hidroksidi iliyoachwa wazi imekwisha kugeuka kabonati kwa sehemu. Mpangilio wa kuchanganya na muda wa kukoroga kabla ya kufunga navyo viandikwe, kwa kuwa jeli ambayo imekaa usiku mmoja si jeli ileile iliyotengenezwa sasa hivi. Na kama kikombe kilichofaulu kilikuwa kimechakaa na sasa unatumia kipya, jaribu tena kile cha zamani. Huenda fuwele zako za kwanza zilizaliwa na mabaki yake.

Fuwele zinazoharibika baada ya kutoka

Nyufa zinazotokea wakati wa kufungua hutokana na kupozwa ghafla, hasa kwa wanaotumbukiza otoklevu katika maji baridi ili kufupisha kusubiri. Fuwele zenye kingo za mviringo zilizokuwa kali ndani ya kikombe zimeyeyushwa na maji ya kuoshea. Zioshe kwa maji kidogo yaliyopozwa, au kwa ethanoli ikiwa chumvi zilizobaki zinayeyuka humo. Zile zinazogeuka nyeupe kama chaki dakika chache baada ya kuchujwa zinapoteza maji ya ndani. Hizo zisikaushwe kabisa: zihamishe pamoja na myeyusho mama katika chupa ndogo iliyofungwa, chagua moja chini ya hadubini, itumbukize katika mafuta mazito yasiyo na maji, na uipeleke moja kwa moja kwenye mkondo wa nitrojeni baridi wa mashine ya eksirei.